Baba Yangu Angempiga Bingwa

Nina saluni ya kiume Kihesa, Iringa. Mteja mgeni akiingia humtafuta kinyozi kwa macho, akidhani mimi, mwanamke, nipo pale kufagia nywele. Nikishika mashine ndipo anakaa, na wengine hukaa huku wameshika vichwa. Nimeshazoea. Runinga yangu haizimwi tangu ninapofungua asubuhi, na siku ambazo hakuna mpira tunaangalia ngumi. Kwa miaka kadhaa, ukisema ngumi pale kwangu ulikuwa unamsema mtu mmoja: bingwa wa Mbeya ambaye hakuna aliyewahi kumshinda.

Alikuwa hapigiki. Alisimama kiubavu, bega la kushoto mbele, kidevu kimezama nyuma ya bega, mkono wa kulia umelala shavuni kama mtu anayeumwa jino. Ngumi ikija inagonga bega, inateleza. Yeye anarudisha moja, anasogea pembeni. Raundi zinaisha hivyohivyo, ukumbi unazomea, majaji wanampa pointi, mkanda unarudi Mbeya.

Basi kukawa na swali ambalo halikuisha pale saluni: kati ya mabondia wa zamani, nani angemweza huyu? Fundi viatu wa jirani yangu alikuwa na bondia wake wa Tanga, mtu wa mkono wa kushoto, ambaye alimsifia kana kwamba alimzaa yeye. Mwalimu mmoja mstaafu alisimamia mwanajeshi wa enzi zake, aliyekuwa akipiga ngumi nyingi hadi refa anachoka kuangalia. Mimi nilikuwa na jibu moja na sikulibadilisha hata siku moja.

"Baba yangu angempiga."

"Baba yako alishika mkanda gani?" fundi viatu alikuwa akiniuliza kila mara.

"Hakushika mkanda wowote."

"Basi tunyoe, dada."

Wakacheka, na mimi nikanyoa. Lakini sikunyamaza.

Siku moja bingwa mwenyewe aliletwa Iringa kufungua mashindano ya vijana. Mwenyeji wake akamleta kwangu kunyolewa. Saluni nzima ilisimama. Alikuwa mfupi kuliko kwenye runinga, mpole, na alinisalimia vizuri. Akakaa, nikamfunga kitambaa shingoni. Wale waliokuwa wakibishana kila siku wakajifanya wanaangalia runinga, mpaka yeye mwenyewe alipowaangalia kwenye kioo na kucheka.

"Najua mlikuwa mnanisema. Haya, nani angenipiga?"

Yule wa Tanga hakutajwa, mwanajeshi hakutajwa. Nikaona haya kwa niaba yao. Mashine ikiwa kisogoni kwake nikasema, "Baba yangu."

Fundi viatu alijishika mdomo. Bingwa akaniangalia kwenye kioo.

"Baba yako ni nani, dada?"

"Huwezi kumjua. Yuko Rujewa, analima mpunga. Zamani alipigana Mbeya na kule machimboni Makongolosi."

"Angenipigaje?"

Nikamweleza, kwa sababu kisa hicho nimekua nikikisikia. Baba alipokuwa kijana alipambanishwa na bondia wa Chunya ambaye naye alikuwa hapigiki. Ulingo ulikuwa mbao zilizopangwa chini na kamba ya kuvutia ndoo za mgodini. Baba alirusha ngumi raundi mbili nzima bila kugusa uso wa yule mtu. Raundi ya tatu akaacha kuutafuta uso. Akaanza kupiga kile alichopewa: mikono. Bega, msuli wa juu, kiwiko, tena bega. Wachimbaji wakamcheka, wakamwambia anatwanga mahindi. Mwisho wa pambano yule mtu alikuwa amesimama mikono inaning'inia, hawezi kuinyanyua, na kengele ikalia kabla baba hajaifikia taya. Majaji wakampa yule wa Chunya ushindi. Asubuhi yake baba alimkuta kwa mama ntilie, ameinamisha kichwa mpaka mezani anavuta chai kikombe kikiwa palepale, kwa sababu mkono ulikataa kukinyanyua.

"Kwa hiyo alishindwa," alisema bingwa.

"Kwenye karatasi."

Alicheka mpaka ikabidi niondoe mashine. Halafu akajishika bega la kushoto kupitia kitambaa, kama mtu anayekagua kama lipo. Nilipomaliza kumpaka spiriti alisimama akasema, "Kesho narudi Mbeya. Rujewa iko njiani. Twende ukanionyeshe huyo mzee."

Nadhani alitaka nirudi nyuma. Nilifunga saluni.

Tulipita Mafinga na Makambako hatuongei sana. Tulipokata kulia, tukaiacha barabara kuu na baridi yote kule nyuma, nikaanza kuogopa. Sikuwa nimempigia baba simu. Alikuwa amevuka miaka sabini, goti moja limekataa kukunjika, na tangu mama afariki alikuwa haongelei ngumi mpaka aulizwe. Nilijiuliza kama nampelekea heshima au namtembeza mzee wangu kwa watu kama sanamu. Lakini gari lilikuwa limeshafika.

Tulimkuta mashineni, anasubiri mpunga wake ukobolewe, pumba zimemjaa nywele na kope.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umefiwa?" Kwa lipi lingine ningetokea siku ya kazi?

"Nimekuletea mgeni."

Bingwa akampa shikamoo, ameinama. Baba akaitikia, akamtazama kuanzia miguuni. Watu wa mashineni walishamtambua, wakaanza kuacha magunia na kusogea. Baba alimtambua polepole, na alipomtambua hakutabasamu. Akaniangalia mimi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ungempiga."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akajipangusa pumba usoni kwa kiganja. "Njoo basi," alimwambia bingwa, akatangulia kwenda uwanjani, pale wanapoanika mpunga.

Bingwa alivua koti, akasimama kama anavyosimama, bega mbele, kidevu nyuma. Alikuwa anatabasamu. Baba akainua mikono. Nilikuwa sijamwona akiinua mikono tangu niko mdogo. Akarusha ya kwanza, bega likateleza, ikapita. Akarusha ya pili, goti likamsaliti, akaenda mbele kama mlevi, bingwa akamdaka kwapani asianguke.

Watu walicheka. Hawakuwa na ubaya, lakini walicheka, na mimi nilitaka kuwapiga wote kwa zamu.

Baba alijitoa mikononi mwa bingwa. "Hiyo nilikuwa nautafuta uso," alisema. "Ujinga. Simama tena."

Mara hii hakukimbilia kitu. Alisogea mpaka vidole vya miguu vikakaribia kukanyagana, akaanza kupiga bega, polepole, kila ngumi palepale ilipotua ile ya kwanza. Msuli. Kiwiko. Bega. Hazikuwa na nguvu, ni mzee. Lakini alikuwa anajua anapopiga, na bingwa aliacha kutabasamu, kwa sababu kila alipogeuka ili ngumi iteleze, nyingine ilikuwa inamsubiri alikogeukia. Baba alipoishiwa pumzi aliacha mwenyewe, akainama kushika magoti yake.

Bingwa akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mzee, ungenipiga."

Wale waliokuwa wanacheka wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Baba akachomoa mkono wake.

"Kijana, mimi siyo mgonjwa."

"Sijasema hivyo, mzee."

"Unanipa pole. Sikuombi heshima, heshima nimeshapewa na wanangu. Nakuuliza kitu kingine. Wewe ukiwa wewe wa leo, mimi nikiwa na miaka ishirini na tano, goti zima. Nipe jibu."

Bingwa alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, anajishika msuli wa mkono wa kushoto, anaukanda.

"Ungeshindwa," alisema mwishowe. "Kwa pointi. Ningekukimbia raundi zote za mwanzo nikusanye zangu. Lakini zile za mwisho..." Akatikisa kichwa. "Zile za mwisho ningekuwa naangalia saa. Na baada ya hapo ningemwambia meneja wangu asikubali turudiane."

Baba alimtazama muda mrefu. Ndipo akatabasamu, na sijawahi kumwona baba ametabasamu vile kwa jambo lolote, hata nilipomletea mjukuu.

"Sasa umeongea," alisema. "Karibu ule wali."

Bingwa alikula, akaaga, akaendelea na safari. Watu wakarudi kwenye magunia yao. Mimi nilibaki nimekaa kwenye mkeka na hasira zangu zote, kwa sababu nilikuwa nimeusikia ushindi kwa masikio yangu na mwenye ushindi ameurudisha.

"Kwa nini umefanya hivyo?" nilimuuliza. "Alikubali, baba. Watu wamesikia."

"Alidanganya."

"Na hili la pointi? Pointi za nani? Za majaji walewale waliompa yule wa Chunya ambaye hawezi kushika kikombe?"

"Hao hao. Ndio waliopo."

"Basi mimi siwatambui."

Alicheka, akajinyoosha goti kwa mikono. "Mwanangu, ukirudi Iringa usiwaambie watu ningeshinda. Umemsikia mwenyewe."

"Nitawaambia."

"Nitakukana."

"Nikane. Nitawaambia alichosema, neno kwa neno, na pointi zake nitazitaja. Halafu nitawaambia ungempiga."

"Mbishi kama mama yako," alisema, lakini hakuonekana kusikitika. Alijipapasa vifundo vya ngumi, vilikuwa vimechubuka na kuwa vyekundu, akavitazama kwa muda kana kwamba vimetoka safari. Kisha wakamwita kutoka mashineni kwamba mpunga wake umefikiwa, akainuka bila kukubali nimshike mkono.