Nenosiri la Zdravka

Zdravka Mineva alianza kujifunza kuandika programu akiwa na miaka hamsini na moja, baada ya ofisi ya ardhi ya mji wa Plovdiv, Bulgaria, kumpunguza kazini. Watu walimcheka, kana kwamba kompyuta humuuliza mtu cheti cha kuzaliwa. Sasa ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya majaribio yake katika kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti, na jioni bosi, Desislava, angeamua kama anabaki au anaondoka.

Alipewa kazi ya kuanzisha mradi kutoka sifuri, wote kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript: kurasa anazoziona mteja, seva ya nyuma, hifadhidata, na Git, programu ya kutunza kumbukumbu ya kila badiliko na aliyelifanya. Kufikia saa sita mchana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Akautuma mradi kwenye ghala la mtandaoni la kampuni, ambalo liko wazi kwa yeyote, akageukia banitsa yake, andazi la jibini.

"Mama Zdravka," akaita Lyubo wa meza ya pili, "faili la siri umelipeleka ya nini? Nenosiri la hifadhidata liko peupe!"

Zdravka akalifuta faili mbio mbio, akatuma tena.

Lyubo akacheka. "Hapo ndipo umelitangaza! Ukifuta, Git inaandika umefuta nini. Tuchane ukurasa huo kwenye kumbukumbu yenyewe, kama haukuwahi kuwapo, mama. Bosi bado anakula. Dakika mbili tu, nani atajua?"

Zdravka alitamani sana kukubali. Kwa umri ule kazi nyingine angeipata wapi? Lakini kule ofisi ya ardhi aliwahi kuona kitabu cha viwanja kimechanwa ukurasa, mara moja tu, na mpaka leo kuna ndugu wawili wanaogombea kiwanja hawasalimiani.

"Hatuchani kitu," akasema. "Tunabadilisha nenosiri."

Akalibadilisha, akaliingiza faili kwenye orodha ya vitu visivyotumwa, kisha akaandika kwenye kumbukumbu: "Nilituma nenosiri kwa makosa. La zamani halifungui tena. Zdravka Mineva."

Saa kumi Desislava akaisoma kumbukumbu hiyo. Zdravka alikuwa ameshafunga mkoba, akitarajia kufukuzwa.

"Nani kakwambia uandike hivi?"

"Hakuna, bosi."

"Watu sita wamefanya kosa hili humu ndani. Wote walificha, nikawagundua mwenyewe." Akamtupia jicho Lyubo, ambaye ghafla alizidiwa na kazi. "Jumatatu unaanza rasmi, mama. Na huyu utakaa naye, umfundishe."