Mfuko Alioushona Arvilla

Arvilla, mke wangu, alinishinda kulenga shabaha tangu tuoane, na hata sasa yuko makaburini bado ananishinda. Karatasi yake imetundikwa ukutani kwenye klabu yetu, huku milimani Pennsylvania. Risasi tano, tundu moja. Yangu haijatundikwa. Wangeitundika, watu wangedhani imeliwa na panya.

Mchezo wetu ni wa kukaa. Bunduki inalala mezani, kitako juu ya mfuko wa mchanga, nawe unajaribu kupitisha risasi zote palipopita ya kwanza. Risasi tunajaza wenyewe nyumbani. Arvilla alipima baruti, mimi nikakandamiza vichwa vya risasi kwenye maganda. Alipofariki nikabaki na mizani, bunduki yake na ubishi wangu.

Nikamwambia rafiki yangu Lamar Hoch: nisipopata tundu la kufunikwa na sarafu ya senti kumi kabla ya theluji, bunduki uichukue wewe. Ameitamani miaka mingi. Niliona heri iende kwake kuliko niiaibishe.

Basi nikaanza kuiaibisha. Matundu yalipanda juu, moja baada ya jingine, kama yanapanda ngazi. Nikasema baruti imezidi, nikapunguza. Yakapanda. Nikaongeza. Yakapanda. Nikavizamisha vichwa vya risasi ndani kidogo, unene wa unywele. Nikalaumu upepo, siku ambayo vibendera vyote uwanjani vilining'inia kama soksi. Mwisho nikalaumu moyo wangu, kwamba unadunda hadi meza inatikisika. Daktari akaupima, akasema hauna neno. Nikamlaumu daktari.

Jumamosi ya mwisho ya msimu Lamar akaketi nyuma yangu na kipande cha pai.

"Verlin, unalenga shabaha au unatungua bata?"

"Nyamaza. Ni baruti."

"Juzi si ulisema upepo?"

"Juzi ulikuwa upepo."

Nikapangusa makombo ya biskuti mezani, kama nilivyopangusa msimu mzima. Macho yangu si mazuri, na biskuti nazipenda. Kombo moja likaganda kidoleni. Nikalitia mdomoni.

Likalia menoni.

"Biskuti gani hiyo inayolia hivyo?" Lamar akauliza.

"Mchanga," nikasema.

Angeweza kucheka tu, akaenda zake na bunduki. Akainama, akaubonyeza mfuko.

"Wewe mzee wewe! Mfuko unavuja. Kila ukipiga, kitako kinazama, mdomo wa bunduki unainuka. Na wewe unafyatua mbio mbio bila kuangalia tena darubini!"

"Ndivyo ninavyopiga."

"Ndiyo maana huna karatasi ukutani. Fumua huo uzi, ushone upya."

"Sifumui."

"Kwa nini?"

"Ni wake."

Arvilla aliushona akiugua kitandani, kwa ngozi ya koti lake, mikono ikimtetemeka. Mafundo makubwa kama njegere. Hakushona kitu kingine tena baada ya hapo.

Lamar akaiweka pai chini. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na sindano nene na uzi wa kuvulia samaki.

"Basi shona juu ya wake. Usiuguse."

Mimi sijawahi kushona hata kifungo. Nilijichoma, nikatukana, nikajichoma tena. Kazi yangu ilifanana na kovu la ng'ombe. Uzi wake ukabaki chini, mzima.

Nikapiga tano. Polepole, nikiangalia kila mara.

Lamar akaiweka sarafu juu ya tundu. Akaizungusha. Akaisogeza huku na huku.

"Kuna ukingo unachungulia," nikasema. Sipendi kudanganya, hata kwa faida yangu.

"Mimi sioni kitu."

"Upande huo."

"Verlin, nyamaza. Nimeikosa bunduki kwa mdomo wangu mwenyewe, usininyime na nafasi ya kukuhurumia."

Karatasi haikutundikwa. Ya Arvilla bado ni ndogo zaidi.

Tukaondoka. Lamar alibeba bunduki hadi garini kwangu. Mimi nilibeba mfuko.