Vanishi kwa Mzee Asiyeona

Jumamosi moja nikinunua misumari dukani Homa Bay, waliingia mume na mke wakihema, wanawahi boti ya kisiwa cha Mfangano. Mke alikuwa amekumbatia bakuli jipya la mti, lililokerezwa vizuri lakini bado halijapakwa kitu. Walikuwa wanampelekea baba wa yule mke.

"Tupe vanishi, ile inang'aa," mume alimwambia mwenye duka, vidole vikigonga kaunta, macho mlangoni.

"Hiyo itakauka kesho."

"Kesho? Boti inaenda saa hii! Basi tupe rangi ya kukauka haraka. Mashemeji wataniona aje nikileta mti mkavu?"

"Baba watoto," mke akasema, "mzee haoni. Tangu macho yaishe anachomeka vidole na sahani ya bati yenye chakula moto, sasa hataki kula mbele ya watu. Hii tupake mafuta ya simsim tu, aishike vizuri."

Ufukweni boti ikapiga honi. Vidole vya mume vikatulia. Akalichukua bakuli, akafumba macho, akapapasa ukingo wake taratibu mpaka kidole kikakwama.

"Hapa panakwaruza," akasema. "Mwenye duka, tupe msasa."

Wakatoka mbio, yeye akisugua huku anakimbia.

Wengi wetu tunang'arisha vyombo kwa ajili ya macho ya mashemeji. Yule bwana, kwa dakika moja pale kaunta, alilishika bakuli kwa mikono ya mkwewe.