Vifurushi Vilivyotangazwa Yatima, Mwenyewe Akiwa Hai

Saa tano asubuhi, mwanamke mmoja anainama chini ya meza, anashika waya wa umeme na kuung'oa ukutani kwa makusudi. Kompyuta inazimika palepale. Nyuma yake, mwanamume aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili haumtii.

"Cheka tu, kaka," anamwambia bila kugeuka. "Si wewe uliyenifundisha ukorofi huu?"

Ndani ya kompyuta hiyo amejaza majina ya maelfu ya wanafunzi ambao hawajawahi kuzaliwa. Alikuwa akiyahamisha kutoka toleo la zamani la programu kwenda toleo jipya, na katikati ya safari ndipo alipokata umeme. Sasa anauchomeka waya, anawasha, anasubiri aone nani kapona. Akikosekana mwanafunzi mmoja tu, toleo jipya halitoki.

"Huko nje umeme ukikatika haupigi hodi," anasema. "Bora uanze kukatikia kwangu."

Kazi hii wengi hawajapata hata kuisikia, ingawa wanaitegemea kila siku. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure. Watu waliotawanyika pembe zote za dunia huukusanya pamoja na programu nyingine chungu nzima, wakazifunga katika vifurushi, ili anayehitaji programu aipate ikiwa imepimwa na kutiwa sahihi. Kila kifurushi kina mtunzaji wake. Huyu dada ni mtunzaji wa vifurushi vya hifadhidata, programu zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa, alama za wanafunzi na tiketi za wasafiri.

Kwa kazi hiyo halipwi hata senti. Riziki yake iko kwenye duka la kutengeneza kompyuta, anakokwenda kila mchana, na karibu nusu ya anachopata huishia kwenye dawa na mazoezi ya viungo vya kaka yake.

Majirani humwita Bi Vifurushi, na jina hilo halikosi utani. "Dada, hivi hivyo vifurushi vyenu hupitia mlango gani?" anauliza mama fundi cherehani anayeshonea barazani. "Mimi niko hapa kutwa nzima, sijaona hata bahasha!"

"Vinapita juu ya kichwa chako, shoga."

"Basi siku kikianguka nipigie kelele, nisije nikavunjika shingo bure."

Chumba cha kazi ni kidogo. Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu ya cherehani mbovu, na kitasa chake bado kipo, kinatundikiwa taulo. Jambo moja tu linamshangaza mgeni: skrini imegeuziwa ukutani, hivyo mtunzaji hulazimika kukaa upande upande akikunja shingo ili asome.

Anapoulizwa sababu, anatazama kwanza kiti cha magurudumu, kisha anashusha sauti. "Twende nje."

Huko nje ndiko anakoeleza. Vifurushi hivi havikuwa vyake, vilikuwa vya kaka. Yeye ndiye aliyevianzisha na kuvitunza tangu dada akiwa shule, na wenzake wa mbali walimjua kwa ukali wa jicho. Miaka minne iliyopita alianguka bafuni. Kiharusi kikamchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote.

Kaka akiwa bado hospitalini, ikatangazwa kwamba hifadhidata ile ina mwanya. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuingia kupitia intaneti akasoma kumbukumbu za watu. Barua pepe zikaanza kumiminika kwa kaka, zikimwomba atoe haraka toleo lenye kiraka cha kuuziba. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwenyewe amelala, hajui hili wala lile.

Dada alikuwa amejifunza kwake mambo mengi. Alikaa mbele ya kompyuta ya kaka, akaziba mwanya, akang'oa waya na kupima kama alivyoonyeshwa. Kiraka kikawa tayari. Kilichobaki kilikuwa sahihi tu, kwa sababu kompyuta za watu hukataa kifurushi kisichotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mtunzaji anayejulikana. Ufunguo wa kaka ulikuwa mle mle ndani, na neno lake la siri alikuwa amempa dada mwaka mmoja kabla, aliposafiri.

"Ningebonyeza tu, yakaisha," anasema. "Nani angejua? Na watu wako hatarini, hiyo si hadithi. Lakini sahihi ile inamwambia kila mtu duniani kwamba aliyekagua ni kaka. Kaka hakuwa amekagua chochote. Ningekuwa nimewadanganya wote waliomwamini, kwa jina lake yeye."

Hakubonyeza. Badala yake aliwaandikia wenzake wa kaka kwa jina lake mwenyewe, akawatumia kiraka, akaeleza kwamba kaka hajiwezi na huenda asijiweze tena. Kisha akaomba vifurushi vya kaka vitangazwe yatima. Ndivyo wanavyokiita kifurushi kisicho na mtunzaji.

Mtunzaji mwingine, wa nchi ya mbali, alikagua kiraka na kukitoa siku hiyo hiyo kwa sahihi yake. Watu wakawa salama. Dada akaenda hospitalini, akakaa pembeni ya kitanda, akashindwa kumtazama kaka usoni.

"Nililia kana kwamba nimemzika," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Mtu anapumua, mimi nimeshamwandikia mirathi."

Hakuna aliyejitokeza kuwalea yatima wale, ndipo akaomba yeye. Mwanzoni alifanya kazi chini ya mdhamini, mtunzaji mzoefu wa kumkagulia kazi, na kifurushi chake cha kwanza kilirudishwa kimejaa makosa. Alikaribia kukata tamaa. Alipokuja kupewa haki ya kutia sahihi kwa ufunguo wake, jina la kaka lilifutwa kwenye mstari wa mtunzaji, likaandikwa lake.

Hayo yote kaka hajaambiwa. Kwanza hakuwa akielewa anachoambiwa. Baadaye daktari akasema asishtuliwe. Halafu siku zikaenda tu. "Kila siku nilisema kesho," anakiri dada. "Yeye anadhani namshikia. Hajui nilichukua."

Miezi miwili iliyopita, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alileta habari njema iliyomkata dada maini: kaka anasoma tena. Polepole, lakini anasoma. Siku hiyo ndiyo skrini iligeuzwa ukutani. Na sasa toleo jipya linatoka Ijumaa, lenye mstari wa mtunzaji juu kabisa. Hataki kaka ausome peke yake bila kuandaliwa. Anataka kumwambia leo.

"Nisamehe, mgeni, usiondoke," anamwambia mwandishi wa makala haya mlangoni. "Ukiondoka sitasema."

Anaingia, anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso kwa uso na kaka.

"Kaka, vile vifurushi vyako si vyako tena. Niliandika mimi, ukiwa hospitalini. Niliwaambia huwezi. Sasa vina jina langu. Sikukuuliza kwa sababu hukuweza kunijibu, halafu ulipoweza kuelewa nikakuogopa. Nimekukosea."

Sauti inamtoka kaka isiyo na neno, na mkono wa kushoto unapiga kiti mara moja, kwa nguvu. Machozi yanamtiririka shavu moja na lingine. Dada anainama, na mabega yanamcheza.

Kisha mkono ule ule wa kushoto unanyooka kuelekea skrini. Unaashiria: igeuze.

Anaigeuza. Kaka anausoma mstari wa mtunzaji. Halafu anafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: anashika kipanya na kuanza kushuka chini, mstari kwa mstari, kwenye orodha ya mabadiliko yote aliyoyafanya dada katika toleo jipya. Yaliyoongezwa yana rangi ya kijani. Yaliyofutwa ni mekundu.

Chai inapoa. Fundi cherehani anachungulia, anaona nyuso, anarudi kwenye mashine yake bila utani. Dada anapiga simu dukani kusema leo haendi.

Hatimaye kidole kinasimama kwenye mstari mwekundu. Ni onyo ambalo kaka aliliandika zamani, linalomtaka mwenye kompyuta ahifadhi kwanza nakala ya data yake kabla ya kuingia toleo jipya. Dada amelifuta.

"Hilo hakuna anayelisoma, kaka. Watu wanabonyeza 'ndiyo' tu wakapita. Wananilalamikia."

Kidole hakiondoki.

"Kaka, nimepima! Nimeng'oa waya mpaka soketi imelegea. Hapotei mtu."

Kidole kinagonga kioo, tap, tap, na jicho linamgeukia. Ni jicho lile lile ambalo wenzake wa mbali walikuwa wakilisimulia. Dada anaivuta kibodi kwake.

"Haya. Hata kati ya hao yupo mmoja atakayelisoma. Ni kweli, atakuwepo mmoja."

Analirudisha onyo. Chini yake, kwenye kumbukumbu ya mabadiliko ambayo watunzaji wote huisoma, anaandika kwamba limerudishwa baada ya ukaguzi wa kaka, na anaandika jina lake kamili. Kabla hajatia sahihi anageuka kumuuliza. "Jina niliache?"

Kaka anasoma jina lake. Midomo inahangaika kulitamka, haifiki popote. Anatikisa kichwa juu chini, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Dada anatia sahihi kwa ufunguo wake mwenyewe.

Toleo lilitoka Ijumaa. Wenzake wa zamani walipoona jina hilo, waliandika kwa furaha na kwa kutoamini, na dada amekuwa akimsomea barua zao kwa sauti. Wawili wameahidi kufunga safari waje kumwona ana kwa ana, kwa sababu sheria yao inataka hivyo kabla ufunguo mpya wa mtunzaji anayerudi haujakubaliwa.

"Nataka niandike barua nyingine," anasema dada. "Niwaambie mwenyewe karudi, nampa vyake."

Na kama hatapona kiasi hicho?

Anamtazama kaka, aliyekwisha kuzama tena kwenye mistari mekundu na uso kaukunja.

"Basi atanikosoa hivyo hivyo," anajibu. "Miaka minne nimekuwa sahihi peke yangu humu ndani. Hujui upweke wake."