Diski za Bi Siti

Daktari wa macho mjini Lindi hakuzungukazunguka. Alimwambia Adija kwamba presha ya macho imekwisha kulizima jicho la kulia la mama yake, na la kushoto limebaki na sehemu tu. "Dawa italinda kilichobaki," alisema. "Kilichokwenda hakirudi."

Bi Siti alisikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani. Akakunja karatasi ya dawa, akaitia kwenye pindo la kanga, akauliza kama wanaweza kuondoka maana mchicha wake haujamwagiliwa. Walipokaribia Kilangala, kijijini kwao, ndipo aliposema neno.

"Ile luninga ya Dadi sijawahi kuitazama nikatulia. Nitafutie picha nzuri, mwanangu, nitazame na mimi."

Dadi, mdogo wake Adija, alikuwa mpishi Dar es Salaam. Tajiri wake alipohama nchi alimwachia luninga pana kama mlango, spika zake, na deki ya kuchezea zile diski zenye picha kali ziitwazo blurei. Dadi alivileta vyote kijijini, akavifunga ukutani, akarudi kazini. Mtandao wa kijijini ulikuwa dhaifu, kila picha ya kwenye simu ilikuwa ikigandaganda. Ilibidi zitafutwe diski.

Usiku ule Adija hakupata usingizi mzuri. Alijua kulima korosho na kuuza vitumbua, lakini picha alikuwa akitazama chochote kilichowekwa mbele yake. Sasa alitakiwa achague, tena amchagulie mtu ambaye huenda mwakani asione kitu. Akikosea? Na kama mama ameshindwa kuona hata sasa, halafu aketi mbele ya kioo kile kikubwa akiangalia ukungu?

Siku ya pili alipanda bodaboda hadi Mingoyo, akadandia gari la kwenda Lindi. Duka la diski lilikuwa la kijana aitwaye Clemence.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka diski za blurei. Nzuri kabisa."

Clemence akamshushia rundo. Ya kwanza kuishika Adija ilikuwa na majina kumi na mawili ya picha kwenye kava moja.

"Hiyo si blurei, ni DVD. Usibebe, mama," Clemence alimwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisengenya mwenyewe. "Picha kumi na mbili ndani ya diski moja zimebanwa mno. Kwenye luninga kubwa sura ya mtu inakuwa vipandevipande. Chukua yenye picha moja. Halafu igeuze kwenye mwanga uangalie mikwaruzo."

Adija akazigeuza moja moja. Clemence akamwekea kwenye luninga ya dukani ile iliyokuwa ikipendwa kuliko zote: watu wakifukuzana mjini usiku, mvua, taa za magari. Ilikuwa safi hata matone ya mvua yalihesabika. Adija akafumba jicho la kulia, akalikunja la kushoto likabaki upenyo, akatazama hivyo. Hakuona ila giza lenye vimulimuli.

"Hii hapana."

"Mama, hii ndiyo kali kuliko zote!"

"Kali kwako wewe. Mama yangu haoni vizuri. Nipe zenye jua."

Clemence akaingia ndani, akatoka na boksi ambalo hakuwa ameliweka mezani. Wakazijaribu pamoja, Adija akifumba jicho kila mara, wateja wengine wakimshangaa. Mwisho alibeba mbili: moja ya Kihindi, yenye harusi na mavazi ya rangi, na nyingine isiyo na hadithi, ya maisha ya chini ya bahari.

Jumamosi alasiri alimketisha mama mkekani, katikati, mbele ya luninga, akaweka ya harusi. Ngoma ikalia, sari nyekundu zikazunguka. Bibi harusi alipojikwaa, Adija akacheka, na mama akacheka. Moyo wa Adija ukatulia kidogo. Ila kulikuwa na kitu: mama alicheka baada yake. Akangoja. Mzee mmoja kwenye picha akaangusha kilemba ndani ya sufuria, lakini safari hii Adija akabana kicheko makusudi.

Mama hakucheka.

Adija akabonyeza rimoti, picha ikasimama.

"Mama, unaona nini?"

"Naona harusi. Nzuri."

"Aliyesimama mbele amevaa nini?"

Bi Siti akachezea ncha ya ushungi. "Nasikia ngoma vizuri," alisema hatimaye. Halafu, taratibu: "Lile la kulia lilikufa tangu mfungo wa mwaka jana. Niliogopa mtanizuia shamba."

Adija alitaka kulia, alitaka kugomba, lakini hakujua aanze na lipi. Akainuka, akabadilisha diski ili mikono ipate kazi. Maji ya buluu yakajaa ukutani.

"Nisogeze huku," mama akasema ghafla. "Zaidi. Nikae upande."

Akajisogeza hadi karibu na dirisha, akageuza kichwa kama kuku anayetazama mwewe, pembe ya jicho la kushoto ikielekea kioo. Kwenye picha kulikuwa na miamba mitupu, na mwanga wa jua ukipenya majini. Bi Siti alizaliwa pwani ya Kilwa, na kabla ya kuolewa huku bara alikuwa akifuatana na mama yake kuchokoa pweza kwenye miamba maji yakitoka.

"Yule pale," alisema.

"Nani?"

"Pweza. Kajibana chini ya jiwe la kushoto."

Adija aliona jiwe tu. Akakaza macho, bado jiwe. Akadhani mama anajifanya tena. Ndipo jiwe likafumbua jicho, likakunjua mkono mmoja, likateleza.

"Nimekwambia!" Bi Siti akapiga goti lake. "Huyo anahama, ana njaa."

Wakaitazama mpaka mwisho, mama akieleza, Adija akiuliza. Hakuna aliyetaja macho.

Asubuhi yake Adija alichanganya chokaa, akapaka mistari mipana kwenye ngazi za mlango wa nyuma na kwenye mawe ya njia ya shambani. Mama alisimama upande, kichwa amekigeuza, akimwonyesha palipokosa chokaa.