Sahani ya Bibi Mihrabuni

Mpaka leo naisikia sauti ile: pete ya fedha ya bibi yangu ikigonga ukingo wa sahani, ting, nyembamba na ndefu, naye kainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. "Mchina huyu," alikuwa akisema. "Wa asli. Sikiliza anavyolia."

Kisa kilikuwa msikiti wa mtaa wetu wa Darsait, huku Uarabuni tulikohamia. Ulikuwa mdogo, wa zamani, hauna mnara, na mihrabu yake ilipambwa kwa sahani za kauri zilizopachikwa kwenye plasta nyeupe ya jasi. Miaka ile ya tisini walipokuwa wakiukarabati, sahani ya katikati ilianguka ikawa vigae. Kamati ikatangaza kwamba inatafuta nyingine mitaani.

Basi sisi wanawake, ambao hiyo mihrabu tulikuwa tukihadithiwa tu, tukavamia makabati. Nyumba ambazo wageni hulishwa kwenye plastiki zikatoa kauri zilizofichwa tangu harusi. Jirani yetu, ambaye kwao walitokea Tabora, alileta bakuli lenye picha za majogoo.

"Zuri," bibi akamwambia, "lakini imamu asujudu mbele ya kuku?"

"Bora kuku wangu, bi mkubwa, kuliko hiyo unayoifungia kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nyinyi wa Unguja hata kijiko chenu cha Sultani."

Bibi hakucheka. Sahani ile ndiyo kitu pekee alichotoka nacho Unguja. Jirani alipoondoka akaniambia, "Nikifa mimi, mama zako wataweka njugu humu. Nna hamu ikae pale, isiuzwe wala isitupwe."

Wazee watatu wa kamati wakaja sebuleni. Walikula halwa kwanza, maana uamuzi mzito hautolewi na njaa. Kisha mwenyekiti akaivaa miwani. Picha ilikuwa ya buluu: jengo la mawe, madirisha marefu membamba, mnara wa mraba wenye meno juu.

"Ngome ya kwetu hii," akasema. "Mreno hakuingia hapa."

"Ya Nizwa," akasema wa pili. "Babu yangu alikuwa mlinzi wa mlango huo."

Akauonyesha mlango wenyewe. Wa tatu alikuwa na halwa kinywani, akaitikia kwa kichwa, na hiyo ikawa kauli ya pamoja. Majogoo yakarudishwa kwao.

Jioni nikaifuta sahani vizuri kwa ajili ya safari yake. Shule sikufika mbali, lakini kitabu chetu cha Kiingereza kilikuwa na picha kama ile: kanisa la kijijini kwa Waingereza, la mamia ya miaka. Mnara ule ni wa kengele. Kile kijumba mbele ya mlango ni cha kujikinga na mvua. Mawe yaliyoinama chini ya mti ni makaburi. Na juu ya paa, mdogo kama punje ya ufuta, msalaba.

Nikaota macho wazi. Niliwaona wanakijiji wanavuta mawe kwa mikokoteni, wajukuu wanamalizia ukuta ulioanzwa na babu zao, na mwenyekiti wao, kashiba, anaapa kwamba mnara huo ni wa ukoo wake. Nikalipenda kanisa lile. Nikampenda bibi zaidi.

"Bibi, ukiambiwa si ngome?"

"Nani kasema? Yule wa majogoo?"

"Hapana, bibi. Nauliza tu."

Akaichukua, akaiweka kifuani. "Usiulize tena, mwanangu. Nalala vizuri siku hizi."

Alhamisi alasiri fundi akaipachika, nami nikatumwa kumpelekea chai. Nilimkuta nje anaosha ndoo bombani. Nikavua viatu nikaingia. Kanisa lilikuwa limekaa katikati ya mihrabu, zuri kweli, jasi ya pembeni bado mbichi. Nikachota kidogo kwa ncha ya kidole, nikaiweka juu ya paa, pale penye punje ya ufuta, nikaisawazisha kwa ukucha. Makaburi nikayaacha, na mti wao pia. Kisha nikafuta kidole upande wa ndani wa shela, nikatoka.