Funguo Mfukoni, Baiskeli Kichwani

Kwenye stori hii mjinga ni mimi. Nasema mapema usije ukahangaika kumtafuta, maana nikiwasimulia watu wengine wanaanza kumlaumu shemeji, mara mzee, mara walioandaa mashindano. Hapana. Ni mimi na kaptula yangu ya kijani.

Mimi ni mtu wa Rungwe Mpya, nafyatua tofali, na mdomo ninao. Mdomo huo ndo ulinipatia mchumba kule Kitahana, na ndo huohuo ulioniharibia kwa baba yake. Nilienda kujitambulisha, nikasalimia kwa Kiha, mwakeye, na makofi ya heshima kama inavyotakiwa, nikakaribishwa ugali wa muhogo, nikaanza kuongea. Niliongea mpaka ugali ukapoa. Nilipoondoka, mzee akamwambia binti yake, "Huyu hapana. Mimi binti nampa mwanaume, simpi redio."

Kaka wa mchumba ndo akanionea huruma. Jamaa ana mwili, anabeba magunia pale mashineni, akishika gunia la mahindi unadhani kashika mto wa kulalia. Akanifuata: "Shem, kuna mashindano ya kukimbia na baiskeli, toka hapa Kitahana mpaka Kibondo mjini. Watu wawili, baiskeli moja. Twende. Mzee akuone una miguu, si mdomo tu."

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mnaanza pamoja, mmoja anaendesha, mwingine anakimbia. Mwenye baiskeli akishatangulia anaiacha pembeni ya barabara, anaendelea kwa mguu. Wa nyuma akiikuta anapanda, anampita mwenzake, anaiacha mbele, na yeye anaendelea kwa mguu. Mnapokezana hivyo mpaka mwisho. Mkifika, lazima muwe wote wawili na baiskeli. Rahisi. Hata mimi wa darasa la saba nilielewa.

Baiskeli tuliazimwa na mzee mwenyewe. Ya kwanza iliibiwa soko la Kasulu, na tangu hapo hii ya pili inalala chumbani, mzee na mkewe ndo wanaipisha, wanajibana ukutani. Ilikuwa na mnyororo na kufuli chini ya siti. Funguo kaifunga kwenye kipande cha mpini wa jembe ili isipotee. Akanipa mimi, hakumpa mwanae. Sikujiuliza kwa nini. Nilijua tu nyota yangu imeanza kuwaka.

"Kijana," akasema, "ukishuka, funga. Hata ukishuka kukohoa, funga. Hii ikipotea, na wewe potea hukohuko, kwangu usirudi."

"Naam, baba."

Siku ya siku tukaanza. Shemeji akatangulia na baiskeli, mimi nikabaki na vumbi. Kile kipande cha mpini mfukoni kilikuwa kinanigonga paja kila hatua, ko, ko, ko. Kilima cha kwanza pumzi ikaisha, nikawa natumia ya akiba. Kufika juu, naikuta baiskeli ya mzee imelazwa kwenye nyasi. Mnyororo hauna habari, kufuli linaning'inia tu. Nikashangaa. Mtu mzima, mali ya baba yake mzazi, kaitupa kama ganda la ndizi!

Nikapanda. Nikampita shemeji kwenye mteremko nikampungia mkono kama mheshimiwa. Mbele kidogo kuna duka, na nje vijana watatu wanacheza drafti. Hapo ndo zamu yangu ya kuiacha. Nikashuka. Wale vijana wakaiangalia baiskeli. Mmoja akasema, "Hiyo ngoma kali, bro." Sauti ya mzee ikanijia sikioni kabisa: hata ukishuka kukohoa, funga.

Nikaisimamisha vizuri kwa stendi. Nikapitisha mnyororo kwenye tairi la nyuma na fremu. Nikabana kufuli, kwaa. Nikavuta mara mbili kuhakikisha. Nikawaambia wale vijana, "Mmekosa." Nikaondoka mbio.

Sijawahi kukimbia vile. Nilikuwa na amani moyoni. Ko, ko, ko pajani, nikaona hata ule mpini unanihesabia mwendo. Kila nikigeuka, shemeji simwoni. Nikasema moyoni, magunia anayaweza, mbio hawezi. Nitamfundisha.

Kibondo mjini watu kibao. Mwenye spika akapiga kelele, "Huyoo, kaptula ya kijani!" Nikavuka kamba mikono juu, wa tatu mimi. Mchumba wangu alikuwepo pale na kwaya yao, akapiga vigelegele mpaka nikaona aibu nzuri. Msimamizi akaja na karatasi.

"Baiskeli yako?"

"Inakuja."

"Mwenzako?"

"Anakuja nayo."

Zikaingia timu nne. Ikaingia ya tano. Mara akafika bodaboda mmoja anacheka hadi pikipiki inayumba: "Jamani, kule mlimani kuna jamaa kabeba baiskeli kichwani kama mzigo wa kuni! Anauliza aliye na funguo!"

Nikatia mkono mfukoni. Nikashika mpini wa jembe.

Vile vigelegele vilivyogeuka kicheko, nakuapia, sijasahau mpaka leo. Mchumba alikaa chini kabisa. Nikarukia nyuma ya boda, msimamizi akanidaka fulana: "Ukipanda hiyo tunawafuta." Nikarudi kwa mguu.

Sasa nakimbia, wenzangu wote tunapishana, na pembeni watu wananisaidia. "Kaka, mwisho ni kule!" "We, umepotea!" Bibi mmoja akawakemea, "Muacheni, kasahau kitu."

"Nimesahau kweli, bibi!"

Shemeji nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu ya watu waliokuwa wanamfuata. "Kaka, hiyo baiskeli imechoka imeomba lifti?" "Akishuka mwambie na mimi zamu yangu!" Akatokea kwenye kona, baiskeli kichwani, tairi zinazunguka hewani, ya mbele tu, ile ya nyuma nilishaibana. Aliponiona hakutukana. Aliishusha taratibu, akanyoosha mkono.

Nikampa funguo na mpini wake. Akafungua, akapanda, akaniangalia.

"Dada yangu anaolewa na kufuli," akasema. Akaondoka nayo. Mimi nikaanza ile njia kwa mara ya tatu.

Tulimaliza wa mwisho. Viti vilishapakiwa kwenye gari, msimamizi akatuandika huku anashikilia mguu wa turubai wasiuondoe.

Jioni tukairudisha Kitahana. Njia nzima nilikuwa nimenyamaza, sijui kama iliwahi kutokea. Mzee alikuwa nje kwenye kigoda chake. Shemeji akamwaga yote: mlima, kichwa, shingo, watu walivyomcheka. Mimi nimeinama tu, nasubiri nifukuzwe.

Mzee akaipapasa baiskeli, akazungusha tairi, akamgeukia mwanae.

"Na wewe zamu yako uliiacha wapi?"

"Kwenye nyasi, baba."

"Uliifunga?"

Shemeji akajikuna shingo.

"Na ile ya Kasulu, uliifunga?"

Shemeji akaanza kuangalia kuku. Ndo nikajua ile ya kwanza ilipotea mikononi mwa nani, na kwa nini funguo nilipewa mimi.

Mzee akanitazama muda mrefu.

"Waambie wazee wenu waje," akasema. "Ila huko mtakakojenga, funguo atakaa nazo binti yangu."